Msaada Wenye Kipimo: Mashine Zinazohisi Zinatufunza Nini Juu ya Kumshika Mkono Mwanafunzi?

Katika njia zote za kufundishia ambazo wanachuo wetu hujifunza, hakuna iliyo ya kale zaidi, wala iliyozoeleka zaidi, kuliko ile ya mwalimu kumshika mwanafunzi mkono na kumwongoza. Mwalimu wa Darasa la Kwanza huushika mkono wa mtoto pamoja na penseli yake, akauongoza kuiandika herufi a. Mwalimu wa Hisabati naye hushika mkono, ingawa kwa maneno: huanza kutamka jibu, akalikatisha katikati, na darasa likalimalizia kwa sauti moja. Kwa kuwa njia hii ni ya kale na tumeizoea, ni nadra kwetu kujiuliza swali lililomo ndani yake, nalo ni hili: katika kazi ile iliyokwisha kufanyika, ni sehemu gani iliyofanywa na mwanafunzi, na ni sehemu gani tuliyoifanya sisi?

Azma ya makala haya ni kulijadili swali hilo. Maoni yetu ni kwamba msaada wa mwalimu usiopimwa, hata ukitolewa kwa moyo mwema kiasi gani, waweza kuwa kizuizi cha kujifunza. Na kwamba mwanachuo hana budi kufundishwa kuupima na kuupunguza, kama vile anavyofundishwa kutengeneza zana na kuandika andalio la somo. Ushahidi wetu tutautoa mahali ambapo huenda wengi wenu hamkutazamia, yaani katika hospitali ambamo watu waliopooza hufundishwa upya kunyosha mkono na kutembea kwa msaada wa roboti. Tumeuchagua ushahidi huo kwa sababu moja. Pale, tofauti na darasani, msaada hupimwa kwa tarakimu, na kwa hiyo lililo jema na lililo baya katika kusaidia huonekana wazi.

Mgonjwa ni mwanafunzi

Kiharusi hutokea pale damu inapoacha kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa kuziba kwa mshipa ama kwa kupasuka kwake. Sehemu hiyo ikifa, kiungo kilichokuwa kikitawaliwa nayo hulegea au hukakamaa, ingawa mifupa na misuli yake ni mizima. Hivyo basi ugonjwa hauko mkononi, bali uko katika maarifa ya kuutumia mkono. Sehemu nyingine za ubongo zaweza kujifunza, kwa kiasi fulani, kazi iliyopotea, lakini kwa sharti la mazoezi mengi ambayo mgonjwa huyafanya mwenyewe kwa kukusudia. Kazi ya kumtengemaza mgonjwa wa namna hiyo ni kazi ya ualimu kwa kila hali: kuna somo, kuna mazoezi, kuna makosa na kuna kusahihisha.

Mazoezi hayo huhitaji mikono ya mtaalamu. Mikono ya mtaalamu huchoka, na wagonjwa ni wengi. Ndiyo sababu, kuanzia mwaka 1989, Neville Hogan na wenzake katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, walianza kuunda roboti iliyopewa jina la MIT-Manus. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi katika hospitali ya Burke iliyoko White Plains, katika jimbo la New York. Mgonjwa huketi mezani, kiganja chake kimeshika kishikio cha mashine, na mbele yake kuna kioo cha kompyuta chenye alama za kufikia. Akiweza kuupeleka mkono penye alama, mashine humwacha aende. Akipotoka, humrudisha taratibu, kana kwamba mkono wake umefungwa kwa springi kwenye njia iliyonyoka: kadiri anavyoiacha njia ndivyo anavyovutwa zaidi, na akiwa njiani hasikii kitu.

Mashine nyingine, iitwayo Lokomat, iliundwa huko Zurich, Uswisi, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2000. Hii ni ya miguu. Mgonjwa huning'inizwa kwa mikanda ili asibebe uzito wake wote, husimamishwa juu ya ukanda unaokwenda, na miguu yake hufungwa katika fremu yenye mota kwenye nyonga na magoti. Mashine ndiyo inayoipiga hatua.

Kani pale panapogusana

Ili mashine imsaidie mtu bila kumuumiza, na bila kumfanyia kazi yake yote, yapasa ijue ni kani kiasi gani inapita kati yake na mtu huyo. Hiyo ndiyo kani ya mgusano, ile ile iliyopo kati ya jembe na udongo, au kati ya kikombe na meza. Kipimo chake ni nyutoni, na mwalimu wa Sayansi aweza kuwaonjesha wanafunzi wake nyutoni 1 kwa kuwawekea kiganjani kitu cha gramu 100.

Mashine haina ngozi. Inahisije basi? Njia ya kwanza hutegemea jambo ambalo kila metali hulifanya: ikivutwa hurefuka na kuwa nyembamba, ingawa kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho, na umeme hupita ndani yake kwa taabu zaidi kuliko awali. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa upande wake, walitumia jambo hilo kutengeneza kipimo. Uzi mwembamba wa metali hugandishwa juu ya kipande cha chuma. Chuma kikipinda kwa kusukumwa, uzi hurefuka pamoja nacho, ukinzani wa umeme hubadilika, na badiliko hilo husomwa kama kani. Siku hizi badala ya uzi hutumiwa utepe wa metali uliokatwa kwa umbo la nyoka, na aghalabu tepe 4 huunganishwa katika saketi moja ili joto la chumba lisije likaleta kipimo cha uongo.

Njia ya pili ni rahisi zaidi kueleza. Springi huwekwa kati ya mota na kiungo cha mgonjwa, na urefu wake hupimwa. Tangu Robert Hooke alipochapisha kanuni yake mwaka 1678 tunajua kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya kani inayoivuta, mradi isipitishwe mpaka wake. Gill Pratt na Matthew Williamson walieleza mwaka 1995 namna ya kuunda mota yenye springi ya aina hiyo, na roboti kadhaa za utengemao zimefuata mpango huo. Springi ina faida mbili: hupima kani, na hulainisha mguso.

Kuna jambo moja zaidi katika upimaji huu ambalo twawaomba wanachuo walizingatie. Mashine yenyewe ina uzito, na ina mwendo wake. Kihisi kilichomo ndani yake husoma vyote pamoja: juhudi ya mgonjwa, uzito wa mkono wake, na uzito wa mashine. Kwa hiyo kompyuta hulazimika kwanza kuhesabu mchango wa mashine na kuutoa. Kinachobaki ndicho cha mgonjwa. Bila hesabu hiyo ya kutoa, mashine itajisikia yenyewe na kudhani inamsikia mtu.

Mashine iliyosaidia kupita kiasi

Roboti za kwanza za kutembeza zilipangwa ziifuate njia moja ya hatua, barabara kabisa, awe mgonjwa anajitahidi au hajitahidi. Kwa macho, hatua zilipendeza: kila moja ilifanana na iliyotangulia. Lakini mwaka 2006 kulichapishwa nchini Marekani uchunguzi uliolinganisha watu wenye jeraha la uti wa mgongo waliotembezwa na mashine ya namna hiyo, na watu hao hao waliposaidiwa kwa mikono ya wataalamu. Katika mashine, miili yao ilitumia oksijeni kidogo zaidi, na misuli kadhaa ilifanya kazi kidogo zaidi. Hatua zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa zao. Zaidi ya hayo, walipoambiwa wajitahidi kwa nguvu zao zote ndani ya mashine ile ile, tofauti hiyo ya nguvu iliyotumika ilipungua sana. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine, wa wagonjwa wa kiharusi ambao tayari waliweza kutembea, ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa mikono ya wataalamu waliongeza mwendo wao kuliko waliofunzwa na mashine.

Sababu yake imechunguzwa na David Reinkensmeyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine. Walieleza kwamba mwili wa mwanadamu, unapojifunza mwendo, hupunguza mambo mawili kwa pamoja: hupunguza kosa, na hupunguza juhudi. Endapo mashine italiondoa kosa, mwili hubakiwa na jambo moja tu la kupunguza, nalo ni juhudi. Hapo mtu hulegea. Halegei kwa uvivu wala kwa hila. Hulegea kwa sababu ndivyo mwili ulivyoumbwa kujifunza. Roboti iliyoongeza msaada kila ilipoona kosa, bila kuupunguza kamwe, iliishia kubeba karibu kazi yote.

Dawa waliyoieleza mwaka 2008 ni fupi nayo inastaajabisha. Waliifanya mashine isahau. Pale kosa linapokuwa dogo, mashine hupunguza kani yake kidogo kidogo kila wakati, kana kwamba inasahau namna ya kusaidia. Mgonjwa akianza kushindwa, huongeza tena. Kwa hiyo haimwachi aanguke, wala haimwachi alale. Kila mara humwuliza, kwa lugha ya kani: je, sasa waweza?

Darasani

Wanachuo waliosoma saikolojia ya elimu watatambua kwamba wazo hili si geni katika taaluma yetu. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha uchunguzi wao wa watoto 30, wenye umri wa miaka 3 hadi 5, waliofundishwa kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Wakaufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa la miti ambalo mwashi hulisimamisha anapojenga ukuta, na kuliondoa ukuta unapokuwa imara. Mfano huo tumeupokea na kuuimba vyuoni. Hata hivyo, twaona kwamba umetufunza kujenga jukwaa kuliko kulibomoa, kwani ni rahisi kukuta andalio la somo lililoeleza kwa kirefu namna mwalimu atakavyosaidia, lakini ni vigumu kukuta lililoeleza ni lini, na kwa dalili gani, ataacha.

Tuanze na herufi. Mwalimu anapoushika mkono wa mtoto, kiganja chake ndicho kihisi chake, nacho ni kihisi bora kuliko cha chuma. Kikitulia chaweza kutofautisha hali tatu. Mkono wa mtoto ukiwa mzito na umelegea, ni mwalimu anayeandika. Ukienda pamoja na mkono wa mwalimu, hata ukauwahi kidogo pale herufi inapopinda, mtoto ameanza kuijua njia, na huo ndio wakati wa kulegeza vidole. Ukisukuma upande mwingine, mtoto ana njia yake, na yafaa aachwe aifuate ili kosa lionekane. Ushauri wetu ni huu: shika mkono mara ya kwanza, mara ya pili shika kifundo cha mkono tu, mara ya tatu weka kidole kimoja juu ya penseli, mara ya nne usiguse. Mtoto akishindwa, rudi hatua moja nyuma, usirudi mwanzo.

Katika kusoma, kihisi cha mwalimu ni sikio, na hapo ndipo hesabu ya kutoa inapohitajika. Darasa linapoitikia kwa pamoja, “ba, be, bi, bo, bu,” mwalimu naye akiimba kwa sauti iliyo kuu kuliko zote, anachokisikia kwa kiasi kikubwa ni sauti yake mwenyewe inayomrudia. Na anyamaze. Kisha anyamazishe safu mbili za mbele. Kitakachobaki ndicho kipimo cha safu za nyuma. Vivyo hivyo swali lenye jibu nusu, kama “Mji mkuu wa Kenya ni Nairo…?”, halipimi chochote, maana mwalimu amekwisha kubeba kazi yote, na darasa limeongeza silabi moja tu.

Katika Hisabati, hatari kubwa iko katika ubao. Wanafunzi wanaonakili mfano uliofanywa na mwalimu, kisha wakafanya maswali 10 yaliyofanana nao kwa kila hali ila tarakimu, huleta madaftari mazuri. Hatua ni nzuri, lakini ni za nani? Mwalimu aufute mfano baada ya swali la tatu. Katika swali la sita abadili mpangilio wa maneno. Madaftari yatapungua uzuri siku hiyo, na mwalimu asihuzunike, kwa maana ndipo atakapoanza kuona kazi ya wanafunzi wake. Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Pingamizi

Twajua pingamizi litakalotolewa. Mashine ina mgonjwa mmoja. Mwalimu ana wanafunzi 80. Atapataje wasaa wa kuhisi mkono wa kila mmoja? Pingamizi hili ni zito, na hatutaki kulipuuza. Lakini tutazame lina maana gani. Iwapo mwalimu hana wasaa wa kumpima kila mwanafunzi kila siku, basi hana pia nguvu za kumbeba kila mwanafunzi kila siku. Wingi wa wanafunzi si hoja ya kusaidia bila kipimo. Ni hoja ya kusaidia kwa uangalifu zaidi. Wanafunzi wakiandika jibu kwenye vibao au karatasi na kuinua wote kwa pamoja, mwalimu huona darasa zima kwa mara moja. Akiteua wanafunzi 8 kila siku wa kuwasikiliza kwa makini, na kuandika aliyoyasikia, atakuwa amewafikia wote 80 katika siku 10 za shule. Na mwanafunzi amsaidiapo jirani yake, mwalimu amfundishe naye sheria ile ile: uliza kwanza, onyesha baadaye, usimshikie penseli.

Pingamizi la pili ni la upande mwingine. Huenda msomaji akadhani tunatukuza mashine juu ya mwanadamu. La hasha. Matokeo ya majaribio makubwa hayaturuhusu kufanya hivyo. Katika uchunguzi wa wagonjwa 127 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2010, waliofanyishwa mazoezi na roboti kwa wiki 12 hawakuwazidi kwa namna ya kutegemewa wale waliopata matibabu ya kawaida; na hata baada ya wiki 36, walipokuwa wamewazidi hao wa matibabu ya kawaida, hawakuwazidi wale waliofanyishwa na binadamu mazoezi mengi ya namna hiyo hiyo. Katika uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 770, mazoezi ya roboti hayakuongeza uwezo wa kuutumia mkono kuliko huduma ya kawaida. Mashine iliyo bora ni ile inayoiga mwalimu mwema. Tunachokichukua kwake si uwezo wake, bali nidhamu yake ya kutosaidia kabla ya kupima.

Kipimo hakisemi sababu

Twapenda kuongeza maonyo mawili, kwa sababu kila kipimo kina udhaifu wake.

Onyo la kwanza: kani ni kani tu, haisemi imetoka wapi. Baada ya kiharusi, misuli ya wagonjwa wengi hukakamaa bila hiari yao. Mashine huhisi mkono unapinga. Je, mgonjwa anakataa, anaumwa, au misuli imejikaza yenyewe? Kihisi hakijui, mtaalamu aliye karibu ndiye huuliza na kutazama uso. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyenyamaza. Ukimya wake wapimika, lakini sababu haimo katika kipimo. Huenda hajui. Huenda hakuona ubao. Huenda hakula tangu jana, au lugha ya nyumbani kwao si hii tunayofundishia. Mwalimu anayeruka kutoka kipimo hadi adhabu ameufanya ukimya useme asichokijua.

Pamoja na hayo, mahali pa kupimia pana maana. Mashine nyingi hupima kani kwenye viungo vya fremu, kwa kuwa ndipo kihisi kinapokaa kwa urahisi. Lakini mtu hugusana na mashine kwenye mikanda na vifungo, na kama kiungo cha fremu hakikulingana sawasawa na goti la mgonjwa, ngozi chini ya mkanda husuguliwa ingawa tarakimu za kwenye fremu ni njema. Mgonjwa aliyepoteza hisia hata hatalalamika. Jeraha ndilo litakalosema. Alama za mtihani wa mwisho wa muhula nazo husomwa mbali na mahali pa mguso. Zina kazi yake, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya jicho la mwalimu juu ya penseli inayoandika.

Onyo la pili lahusu wanafunzi wenye ulemavu. Tumesema msaada upunguzwe, lakini si kila msaada ni jukwaa la kubomolewa. Miwani, fimbo nyeupe, maandishi ya Breli, lugha ya alama, gongo na kiti cha magurudumu si msaada wa muda unaongoja kuondolewa. Ni njia ya mwanafunzi ya kufika penye kazi. Kumnyima mtoto miwani eti azoee kuona si kufundisha. Mwalimu ajiulize: kitu hiki kinamfikisha mwanafunzi penye kazi, au kinaifanya kazi badala yake? Cha kwanza kidumu. Cha pili kipungue.

Zoezi la Sayansi

Yote haya yaweza kuonyeshwa darasani kwa zana zisizogharimu. Chukueni ukanda wa mpira wa baiskeli uliokatwa mwembamba, wenye urefu wa sentimita 20. Utundikeni msumarini, na mwisho wake wa chini fungeni chupa tupu ya plastiki. Pimeni urefu wa mpira. Tieni maji mililita 100, yaani gramu 100, mpime tena. Endeleeni hivyo hadi mililita 500. Kila nyongeza ni takribani nyutoni 1. Wanafunzi wachore jedwali na grafu. Wakiona kwamba mistari ya mpira haikunyoka kama ya springi, wasifiwe, kwa maana wameona kweli.

Sasa mpira huo ni kihisi. Mwanafunzi mmoja afumbe macho na kuweka mkono juu ya dawati, ameshika kipande cha ubao. Mwenzake auvute ubao huo kwa mpira, polepole, kufuata mstari wa sentimita 30. Kwanza aliyefumba macho aulegeze mkono kabisa, na mpira utarefuka. Kisha aende pamoja na mvuto, na mpira utalegea. Mwisho apinge, na mpira utarefuka zaidi. Mwalimu aulize: nani amefanya kazi katika kila safari, na mmejuaje? Wanafunzi wa Darasa la Sita wataeleza wenyewe kwamba mpira uliolegea ni dalili ya juhudi ya mwenzao. Kisha aulize lililo gumu zaidi: mpira ukirefuka kidogo, mwaweza kujua kama mwenzenu amelegea au anapinga kidogo? Hapo watakuwa wamefikia penye shida ambayo waunda mashine wenyewe hukabiliana nayo.

Pendekezo

Tunahitimisha kwa pendekezo kwa vyuo vyetu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aketiye nyuma ya darasa hutazama sauti ya mwalimu, matumizi ya ubao, zana na nidhamu. Aongeze jambo moja: aandike ni wapi katika kipindi msaada ulipungua. Na mwanachuo, anapojaza sehemu ya tathmini baada ya somo, asiridhike na kuandika kwamba somo limeeleweka. Aandike majina ya wanafunzi wawili au watatu, msaada aliowapa, na alichoona alipouondoa. Sentensi kama “Nilipoacha kumshika mkono, alifika nusu ya herufi akasimama” ina thamani kuliko ukurasa wa sifa, kwa sababu kesho yake mwalimu huyo atajua aanzie wapi: atasaidia nusu ya pili tu.

Mgonjwa aliyebebwa na mashine kwa wiki kadhaa hurudi nyumbani kwake, na huko hakuna mashine. Mtoto naye humaliza shule, akaingia katika duka, shamba, karakana au kidato kinachofuata, ambako hatuna mkono wa kumshika. Kile alichokifanya kwa kani yake mwenyewe ndicho atakachoondoka nacho.